KCNH2: Jeni inayotuliza moyo, na dawa za kawaida zinazoweza kuziba mlango wake

Simu inalia saa 11 alfajiri. Kwa wengi hiyo ni kero tu, unaizima na kugeukia upande wa pili. Lakini wapo watu ambao mlio huo wa ghafla unaweza kuuvuruga moyo wao hadi wakazimia, na wengine wasiamke tena. Wengi wao ni vijana. Hawana presha, hawana kisukari, na moyo wao ukiangaliwa kwa ultrasaundi unaonekana mzima kabisa.

Tatizo lao liko kwenye jeni moja iitwayo KCNH2.

Jeni hiyo hiyo ndiyo iliyofanya dawa kadhaa zilizokuwa zikiuzwa duniani ziondolewe sokoni, baadhi zikiwa za mambo ya kawaida kabisa kama mzio na kiungulia. Na ndiyo sababu mgonjwa wa TB sugu leo hupimwa umeme wa moyo mara kwa mara akiwa kwenye dozi.

KCNH2 ni nini hasa?

Jeni ni sehemu ya urithi iliyobeba maelekezo ya kutengeneza kitu fulani mwilini. KCNH2 iko kwenye kromosomu namba 7, na maelekezo yake ni ya protini moja ndefu yenye asidi amino 1,159. Nakala nne za protini hiyo hukaa pamoja kwenye ukuta wa seli, kama watu wanne waliokaa duara, na katikati yao hubaki tundu. Tundu hilo ndilo mlango wa potasiamu. Wanasayansi huuita hERG, kwa hiyo ukikutana na majina hayo mawili usichanganyikiwe: KCNH2 ni jina rasmi la jeni, na hERG ni jina lake la zamani ambalo siku hizi hutumika zaidi kwa mlango wenyewe.

Mlango huu unachagua sana. Unapitisha potasiamu na kuikataa sodiamu, wakati chembe ya sodiamu ndiyo ndogo zaidi. Inawezekanaje kidogo kizuiwe na kikubwa kipite?

Jibu lilipatikana mwaka 1998, mwanasayansi wa Marekani Roderick MacKinnon alipoonyesha umbo la mlango wa potasiamu wa bakteria. Ndani ya mwili, kila chembe ya potasiamu huzungukwa na maji. Ili ipite ni lazima iyavue maji hayo, na sehemu nyembamba ya mlango imepangwa kwa vipimo ambavyo potasiamu inakaa vizuri kama ilivyokuwa imekaa kwenye maji yake. Sodiamu ni ndogo mno, haigusi kingo zote, hivyo haipati faida yoyote ya kuyaacha maji yake na inabaki nje. Kazi hiyo ilimpa MacKinnon Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003.

Jina lililotoka kwa nzi wachezaji

Herufi za hERG zina historia ya kuchekesha kidogo. Miaka ya 1960, William Kaplan na mwenzake William Trout wa kituo cha City of Hope, California, walikuwa wakichunguza nzi wa matunda wenye kasoro za neva. Nzi hulazwa kwa etha ili watafiti waweze kuwaangalia. Kundi moja halikulala kama mengine. Miguu yao ilitikisika, ikatikisika, kana kwamba wako disko.

Wakati huo Marekani kulikuwa na mtindo wa kucheza ulioitwa go-go, uliovuma kwenye klabu kama Whisky a Go Go. Basi jeni yenye kasoro ikapewa jina la ether-a-go-go. Utafiti ulichapishwa mwaka 1969, jina likabaki.

Mwaka 1994, Jeffrey Warmke na Barry Ganetzky walipata kwa binadamu jeni inayofanana nayo. Wakaiita hERG, kifupi cha maneno yenye maana ya jeni ya binadamu iliyo ndugu wa ether-a-go-go. Waliipata kwenye sampuli ya ubongo, na wakati huo hakuna aliyejua kwamba kazi yake kubwa ingeonekana kwenye moyo.

Haikuchukua muda. Mwaka 1995, timu ya Mark Keating huko Utah ilionyesha kwamba familia fulani zenye historia ya kuzimia na vifo vya ghafla zilikuwa na hitilafu kwenye jeni hii. Mwaka huo huo ikathibitishwa kwamba hERG ndiyo hubeba mkondo wa potasiamu ambao wataalamu wa moyo walikuwa wakiupima kwa miaka bila kujua unatoka wapi.

Moyo unautumia vipi mlango huu?

Moyo wa mtu mzima hupiga takribani mara 100,000 kwa siku, na kila pigo huanza na umeme. Kwanza sodiamu inaingia ndani ya seli kwa kasi, halafu kalsiamu inafuata, na msuli unakaza. Sasa ni lazima seli itulie ili iwe tayari kwa pigo linalofuata. Hapo ndipo potasiamu inapotoka nje, na hERG ni moja ya milango mikuu inayoipitisha.

Mlango huu una tabia yake. Msuli unapokaza, unafunguka, lakini karibu papo hapo unajifunga kwa komeo la pili. Seli inapoanza kutulia, komeo hilo linaachia haraka na potasiamu inamwagika nje kwa wingi, kisha mlango wenyewe unafungwa taratibu. Yaani unafanya kazi yake kubwa mwishoni mwa pigo, wakati ambao moyo ni rahisi zaidi kuvurugwa.

Muda wote huo unaonekana kwenye karatasi ya ECG, kile kipimo cha kubandikwa nyaya kifuani. Mawimbi yake yamepewa herufi, na umbali kutoka mwanzo wa wimbi Q hadi mwisho wa wimbi T huitwa QT. Milango ya hERG ikipungua, seli zinachelewa kutulia na QT inarefuka. Baada ya kurekebishwa kulingana na kasi ya mapigo, QT inayozidi milisekunde 500, yaani nusu sekunde, humfanya daktari asimame na kuangalia tena.

Hatari ya kuchelewa huko ni kwamba pigo la ziada linaweza kuzuka kabla moyo haujatulia. Mapigo yanaanza kukimbia ovyo, na mawimbi kwenye karatasi yanaonekana kama utepe unaosokotwa. Mfaransa François Dessertenne aliyaeleza mwaka 1966 na kuyaita torsades de pointes. Moyo unatetemeka badala ya kusukuma damu, na mtu anaanguka ndani ya sekunde chache. Mara nyingi hali hiyo hukatika yenyewe na mtu akaamka. Isipokatika, ni kifo.

Wanaozaliwa na hitilafu

Ugonjwa wa kurithi wa QT ndefu una aina nyingi. Unaotokana na KCNH2 huitwa aina ya pili, na ni wa pili kwa wingi baada ya ule wa jeni jirani, KCNQ1. Utafiti wa Italia uliopima watoto wachanga zaidi ya 44,000 na kuchapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba aina zote kwa pamoja humpata mtoto 1 kati ya 2,000 hivi. Hao walikuwa watoto wa Kizungu, kwa hiyo namba hiyo si ya kuibeba ilivyo na kuiweka Afrika.

Kila mtu ana nakala mbili za KCNH2, moja ya baba na moja ya mama. Hitilafu kwenye nakala moja inatosha kuleta ugonjwa, na kila mtoto wa mwenye hitilafu ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Mara nyingi protini iliyotengenezwa vibaya haifiki hata kwenye ukuta wa seli. Inakwama ndani, seli inaikagua, inaiona haikukunjwa sawasawa na kuiharibu.

Kinachoshangaza ni jinsi jeni inavyoamua mtu aanguke lini. Wenye hitilafu ya KCNQ1 huanguka zaidi wakati wa mazoezi, hasa kuogelea. Wenye hitilafu ya KCNH2 huanguka kwa mshtuko: saa ya kuamsha, simu, kengele, kelele ya ghafla, habari mbaya. Wanawake wenye aina hii wana hatari zaidi katika miezi tisa ya kwanza baada ya kujifungua, kipindi ambacho mama halali vizuri na mtoto analia usiku kucha.

Sasa fikiria hilo linavyosomwa nyumbani. Binti anasikia mlio, anaanguka, mwili unakakamaa na kutetemeka kwa sababu ubongo umekosa damu. Baada ya dakika moja anaamka. Majirani watasema kifafa. Wengine watasema mashetani na kumtafuta mganga. Hata hospitali, wagonjwa wa aina hii wamewahi kupewa dawa za kifafa kwa miaka bila mtu kuwapima moyo, jambo lililoandikwa sana kwenye majarida ya kitabibu ya nchi zilizoendelea. ECG ni kipimo cha dakika chache na hakihitaji hata sindano. Mtu yeyote anayezimia au kupata degedege bila sababu inayojulikana anastahili kupimwa angalau mara moja.

Kuna pia upande wa pili. Mwaka 2004 watafiti waliripoti familia ambazo hitilafu ya KCNH2 iliufanya mlango upitishe potasiamu kupita kiasi. QT yao ilikuwa fupi mno, na nao walikufa ghafla.

Dawa ya mzio iliyoua

Hadi hapa ungeweza kusema haya ni ya familia chache. Kisa cha Seldane kinaonyesha kwamba sivyo.

Seldane, jina la kitaalamu terfenadini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1985. Ilikuwa dawa ya kwanza huko ya kutuliza mzio bila kuleta usingizi. Yeyote aliyewahi kumeza Piriton kisha akajaribu kukaa ofisini mchana kutwa anaelewa kwa nini watu waliifurahia. Mamilioni waliitumia.

Mwaka 1990 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha kisa cha mwanamke wa miaka 39 aliyekuwa akizimia. ECG yake ilionyesha torsades de pointes. Alikuwa akitumia terfenadini pamoja na ketokonazoli, dawa ya fangasi. Hakuna kati ya dawa hizo mbili iliyokuwa ikihofiwa kwa moyo.

Maelezo yalikuja baadaye. Terfenadini ikimezwa hupita kwenye ini, na karibu yote hubadilishwa kuwa kitu kingine kiitwacho feksofenadini, ambacho ndicho hutuliza mzio. Ketokonazoli huizuia ini kufanya kazi hiyo. Antibiotiki ya erithromisini nayo huizuia, na hata juisi ya balungi. Terfenadini inabaki nzima, inajaa kwenye damu, na kumbe ikiwa nzima inaziba hERG.

Januari 1997 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza nia ya kuiondoa, na mwanzoni mwa 1998 ilikuwa imetoka sokoni huko. Feksofenadini yenyewe haizibi mlango huo, ikachukua nafasi yake na inauzwa hadi leo. Astemizoli, dawa nyingine ya mzio, ilifuata mwaka 1999. Mwaka 2000 ikawa zamu ya sisapridi, dawa ya kiungulia.

Kwa nini mlango huu tu?

Dawa ya mzio, ya kiungulia, ya fangasi, ya malaria, ya magonjwa ya akili: kikemia hazifanani. Mbona zote zinakwama sehemu moja?

Sababu ni umbo. Ndani ya mlango wa hERG kuna uwazi ambapo dawa huingia kutokea upande wa ndani wa seli. Ukuta wa uwazi huo una asidi amino mbili, tairosini ya nafasi ya 652 na fenilalanini ya nafasi ya 656, zenye pete zinazopenda kushikana na pete zilizomo kwenye dawa nyingi. Kwa kuwa protini ziko nne, kuna pete nane zimezunguka. Mwaka 2017 maabara ya MacKinnon ilipata picha ya mlango wenyewe kwa hadubini ya elektroni, na pembeni mwa uwazi huo vikaonekana vijishimo ambavyo milango mingine ya potasiamu haina. Ni kama mfuko wenye pindo nyingi, kitu kikiingia hakitoki kirahisi.

Tangu mwaka 2005 miongozo ya kimataifa inataka dawa mpya zipimwe kama zinaziba hERG kwenye maabara, na kama zinarefusha QT kwa watu. Dawa nyingi zinazotia matumaini zimeachwa njiani kwa sababu hiyo, na baadhi ya wanasayansi hulalamika kwamba kipimo ni kikali mno, kwa kuwa si kila dawa inayoziba hERG huvuruga moyo. Verapamili ya presha ni mfano. Inaziba hERG, lakini pia inapunguza kalsiamu inayoingia, na mambo mawili hayo yanasawazishana.

Malaria, TB na sisi

Kwa Afrika Mashariki suala hili si la kigeni, kwa sababu dawa za malaria zimo kwenye habari hii tangu mwanzo. Gome la mti wa mkwinini lina kwinini na pia pacha wake, kwinidini, zenye atomi zilezile zilizopangwa tofauti kidogo. Kwinidini ilitumika kutibu mapigo ya moyo yasiyo sawa, lakini madaktari waliona baadhi ya wagonjwa wakizimia, na miaka ya 1960 ikaonekana kwamba dawa yenyewe ndiyo iliyovuruga moyo. Kwinini, ambayo wengi wanaikumbuka kwa masikio kuvuma, hurefusha QT kwa kiasi kidogo zaidi.

Halofantrini, iliyouzwa kwa jina la Halfan, ilikuwa hatari zaidi. Mwaka 1993 watafiti kwenye mpaka wa Thailand na Burma waliripoti kwamba ilirefusha QT waziwazi, na leo haipendekezwi. Lumefantrini, iliyomo kwenye dawa ya mseto ya ALu, ina undugu wa kikemia na halofantrini lakini haijaonyesha madhara hayo kwa kiwango cha kutisha. Piperakwini, iliyomo kwenye mseto mwingine, hurefusha QT. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliipitia mwaka 2016 na kuona vifo vya ghafla ni nadra sana kwa wagonjwa wa kawaida. Malaria isiyotibiwa inaua kwa uhakika zaidi kuliko dawa hizi, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kuacha dozi.

Mwaka 2020, wakati wa corona, haidroksiklorokwini iligeuka dawa ya kugombaniwa, mara nyingi pamoja na azithromisini. Zote mbili hurefusha QT. Aprili mwaka huo FDA ilionya zisitumiwe kwa corona nje ya hospitali au utafiti, na Juni ikafuta kibali cha dharura.

Kwenye TB sugu, bedakwilini imeokoa maisha ya wengi na kuwatoa kwenye sindano za miezi mingi zilizoharibu masikio. Nayo hurefusha QT. Tiba ya miezi sita iliyopendekezwa na WHO mwaka 2022 inaichanganya na moksifloksasini, dawa inayorefusha QT kwa uhakika kiasi kwamba watafiti huitumia kama kipimo cha kulinganishia dawa nyingine. Ndiyo maana ECG ni sehemu ya matibabu hayo. Mgonjwa anayeambiwa arudi kupima moyo wakati anaumwa mapafu asione anazungushwa.

Nani awe makini?

Mara nyingi haitoshi dawa moja. Hatari hujengwa na mambo kadhaa yakikutana: dawa mbili zinazorefusha QT, kuwa mwanamke, moyo uliochoka, figo au ini lenye shida, na potasiamu iliyoshuka kwa sababu ya kuhara, kutapika au dawa za kukojoza. Mtu aliyehara siku tatu, akaenda duka la dawa kununua erithromisini, na huku anatumia dawa ya fangasi, tayari ana mambo matatu. Kumwambia muuza dawa kila unachomeza, hata kile ulichopewa kwingine, kunachukua nusu dakika.

Kuna wanaodhani ndizi zitamaliza yote kwa kuwa zina potasiamu. Kwa mwenye hitilafu ya KCNH2, kutunza kiwango cha potasiamu kunasaidia kweli na madaktari hukifuatilia. Lakini ndizi haitengenezi mlango uliokosekana.

Matibabu yapo. Propranololi, dawa ya siku nyingi na ya bei nafuu, hupunguza hatari kwa wengi wenye QT ndefu ya kurithi, ingawa aina ya pili haiitikii vizuri kama aina ya kwanza. Wenye hatari kubwa huwekewa kifaa kifuani kinachoushtua moyo ukianza kutetemeka. Mtu akiletwa hospitali na torsades de pointes hupewa magnesiamu kwenye mshipa. Na madaktari huwaambia wenye aina hii jambo linaloonekana dogo: toeni simu na saa yenye kengele chumbani.

Mmoja akigundulika, wazazi, ndugu na watoto wake nao wanatakiwa kupimwa, kwa sababu baadhi hubeba hitilafu bila dalili, na wengine hata ECG yao huonekana ya kawaida. Hapo kipimo cha jeni ndicho husaidia. Tatizo ni kwamba hifadhi za takwimu za jeni duniani zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo Mwafrika akipimwa ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupewa jibu kwamba jeni yake ina tofauti ambayo maana yake bado haijulikani. Kwa familia ya namna hiyo, karatasi za ECG za ukoo mzima zikiwekwa pamoja mezani kwa daktari ndizo huanza kuonyesha nani anahitaji dawa.